Artiste Aliyeomba Foto Mbaya

Mimi naishi kwa nyuso za watu. Duka langu liko karibu na gare, stesheni ya treni, ya Kamina, chumba kimoja chenye shuka jeupe ukutani, kiti kisicho na mgongo, mashini ya picha ambayo kioo chake cha nyuma kilipasuka zamani, na printa inayokula umeme wa sola. Mtu akitaka foto nne za dosye, yaani faili, ya kazi, za shule, za kadi ya kanisa, anakuja kwangu. Anakaa, ananyoosha shingo, anajikausha kama anayengoja sindano, nabonyeza, basi. Wananiita Mama Studio. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nilimshuku jirani yangu kwa sababu kazi yake siijui. Kazi yake naijua vizuri, na ndiyo sababu nilimshuku.

Jirani huyo naye anapiga picha, lakini mtaani hakuna anayemwita fotografe. Wanamwita Artiste, na kwetu neno hilo si sifa. Maana yake ni mtu ambaye hatujui anaamka kwenda wapi. Nyumba yake inatazamana na duka langu, na kwa miaka mingi nimemwona akitoka asubuhi na mfuko wa kitambaa, ule uliokuwa wa unga, ndani yake mashini ya zamani inayotumia filimu. Filimu zenyewe anazituma Lubumbashi kusafishwa. Zikirudi baada ya miezi, hana haraka ya kuzifungua. Anaweza kukaa na bahasha mapajani jioni nzima akiongea habari za mvua. Mimi mteja akikaa dakika kumi bila kupata foto yake ananitukana, na ana haki.

Wanasema zamani alikuwa anafanya arusi. Moja niliihudhuria, ya binti wa fundi wa reli. Artiste alizunguka siku nzima, akainama, akapanda juu ya meza, sote tukasema huyu leo anafanya kazi. Bahasha ilipofunguliwa mbele ya ukoo, ilikuwa hivi: shangazi amelala na sahani mapajani. Kiatu cha bwana arusi, kimoja. Wapiga ngoma wanakunywa maji nyuma ya nyumba. Bibi arusi alikuwemo mara moja tu, tena mgongo. Baba wa binti aliuliza kwa upole, upole ule wa mtu anayetafuta fimbo kwa macho, mwanangu yuko wapi humu.

Artiste akajibu, "Baba, bibi arusi bantu bote balikuwa banamuangalia. Minyi niliangalia kwenye hakuna muntu alikuwa anaangalia."

Basi arusi zikaisha kwake. Watu waliicheka habari hiyo mwaka mzima. Mimi sikucheka sana. Niliwaza kwamba mtu anayeangalia mahali ambapo hakuna anayeangalia, kwetu sokoni tunajua anaitwa nani.

Sasa nieleze jambo la foto mbaya, kwa kuwa bila hilo huyu mtu hamtamwelewa. Kioo cha mashini yangu kikiwa kimepasuka, siioni foto mpaka itoke kwenye karatasi. Na watu wanafumba macho. Wengine wanafumba kila mara, utadhani wana mkataba. Foto ya macho yaliyofungwa haipokelewi popote, tena mwenyewe hataki hata kuigusa, kwa sababu inafanana na foto ya marehemu. Hofu yao kubwa ni kwamba karatasi ile itaangukia mikononi mwa mtu mbaya, apeleke kwa mganga, akaseme huyu nimekwisha kumlaza, mmalizie. Kwa hiyo duka langu lina desturi moja, na ndiyo iliyonipa wateja. Mlangoni kuna babula, jiko letu la makaa. Foto ikiharibika naichoma pale pale mwenyewe akiona, majivu nayavuruga kwa kijiti, kisha naifuta na kwenye mashini. Mteja anaondoka moyo wake umetulia. Studio nyingine hazina desturi hiyo, na nazijua zilivyo na wateja wachache.

Siku moja Artiste alivuka barabara, akasimama karibu na babula, akamwacha mteja aondoke.

"Mama Studio, ile yenye unachoma, unipe minyi."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuangalia."

"Unataka kuangalia bantu ba macho ya kufunga? Kama unapenda bantu ba kufa, nenda ku hospitali, bakufungulie ile chumba."

Hakuudhika. Akasema, polepole, maneno ambayo baadaye niliyasikia akiwaambia wengi, "Foto ya passeport iko ya serikali. Ile yenye unachoma, njo iko ya mwenyewe."

Nilimwambia aende zake. Aliomba tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Heshima yake haikupungua, na heshima isiyopungua nayo ilinitia wasiwasi. Nilianza kuyavuruga majivu mara mbili.

Sitaki kuwa mwongo, alikuwa na njia yake, na njia hiyo ilikuwa na akili. Alikuwa anakwenda gare siku ambazo treni haijafika. Mnajua treni yetu, watu wanaingoja siku mbili, nne, wanapika pale pale, wanafua, mbuzi amefungwa kwenye mzigo. Artiste anakaa nao. Siku ya kwanza mfuko haufungui kabisa. Anasema siku ya kwanza mtu bado anajua kwamba anaonekana. Siku ya pili amechoka kujua. Anataka ile dakika ambayo mama wa watu ameacha kushika uso wake, umekaa tu kama ulivyo, si wa kumfurahisha mume wala wa kumwogopa polisi. Akifumba macho, ndiyo bora zaidi. "Macho ikifunga," alikuwa anasema, "muntu anarudi kwake." Na kabla ya kupiga anaomba ruhusa, kisha anangoja tena mpaka mtu asahau kwamba ameombwa. Mimi nilimuuliza, kama wamesahau, ile ruhusa bado ni ruhusa? Alifikiri sana, akasema hajui. Angalau hapo alinijibu ukweli.

Alikuwa na daftari. Kila aliyempiga, jina lake limo, na sahihi, au kidole kwa asiyejua kuandika. Aliyekataa naye amo, jina na msalaba mdogo pembeni. Nilimuuliza waliokataa anawaandikia nini. Akasema, ili asije akasahau na kuwaomba vibaya. Niambieni, nani anaweka orodha ya watu waliomkatalia? Mimi nilijua watu wa aina mbili tu wenye tabia hiyo, mchawi na mpelelezi, na wote wawili huwezi kuwakaribisha chai.

Na huyu mtu mwenye kupenda nyuso za wengine, wake hautoi. Alipohitaji foto za kitambulisho alikwenda kupiga mtaa wa pili, kwa mpinzani wangu, asije akakaa mbele yangu. Kwake ukutani hakuna picha hata moja, wala yake wala ya mama yake. Alikuwa hadanganyi katika kazi, lakini habari ya chakula alidanganya kila siku: ukimkaribisha anasema amekula, na tumbo linamsuta mbele yenu. Mbwa wote wa mtaa walimpenda. Kwa ukaidi wangu hata hilo niliona si dalili njema.

Kisha ikaja habari ya exposition, yaani kutundika picha ukutani watu waje kuzitazama. Ya kwanza ilikuwa Lubumbashi, halafu akaitwa Ulaya. Alirudi na kitabu kikubwa, kizito, karatasi zake nene, akanionyesha kwa kuwa mimi ni mtu wa kazi. Niliosha mikono kwanza. Ukurasa mmoja ulikuwa na mama wa gare, amelala ameegemea gunia la mihogo, mdomo wazi kidogo, mkono umeshika kamba ya mbuzi hata usingizini. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Ulikuwa mzuri, na uzuri wake ukaniuma, maana mimi katika maelfu ya nyuso sijapata mmoja namna ile. Lakini mdomo wangu ulisema kitu kingine.

"Huyu mama anajua kama uso yake iko kule?"

"Anajua. Nilimupelekea yake. Aliweka mu sanduku."

"Na banaomuangalia kule, banamujua?"

"Hapana."

"Ona sasa. Umemutuma safari peke yake."

Alifunga kitabu, akakipeleka nyumbani. Nadhani neno hilo lilimwingia, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

La chifu wa mtaa ndilo linalonitia haya zaidi. Mjane mmoja wa mfanyakazi wa reli alifiwa na kijana wake kwa homa, majuma machache baada ya Artiste kumpiga kijana huyo picha kwenye reli. Mtaa ulichemka. Wakamleta mbele ya chifu, mfuko wake wa unga mezani kama ushahidi. Alifungua daftari, akaonyesha sahihi ya kijana. Watu wakasema sahihi ndiyo yenyewe, ndiyo iliyomuuza. Chifu, mtu wa busara, akanigeukia mimi.

"Mama Studio, weye njo unajua hii kazi. Foto inaweza kuumiza muntu?"

Nilijua jibu. Ningeuliza, kama foto inaua, duka langu limekwisha kuua wangapi, wote wangecheka na kwenda zao. Lakini babula yangu ilikuwa inaishi kwa hofu ile ile. Nikisema foto haiumizi, nachoma nini kila siku?

Nikasema, "Mashini yangu haiwezi. Ya huyu, sijui."

Walimnyang'anya mashini, ikakaa kwa chifu majuma mengi. Kesho yake asubuhi alitoka nyumbani kwake mikono mitupu, akanisalimia kama kawaida. "Jambo, Mama Studio, umelala muzuri?" Sikuwa nimelala vizuri. Nilimtazama nikijiuliza mtu asiyekasirika anaficha nini.

Sasa mama yangu. Sisi ni Waislamu wa Maniema, wazee wetu walikuja huku na biashara, na nyumbani kwetu marehemu baba aliweka sheria: hakuna picha ukutani, na wanawake wetu hawapigwi picha. Kwamba mimi binti yake nimefungua studio, alilimeza kwa sababu ni riziki. Lakini nyumbani sheria ilibaki, nami niliilinda kuliko alivyoilinda yeye. Simu yangu yenyewe ni ya kubonyeza. Mama alipozeeka alikuwa anakaa mlangoni pa duka, kwenye kigoda, anabambua karanga. Na Artiste alikuwa anavuka barabara kuja kukaa chini karibu naye, anabambua pia.

"Weye mutoto, leo umekula?"

"Nilisha kula, Kambo."

"Muongo. Shika." Mama anamjazia kiganja karanga, anakula kama mtu aliyetoka safari. Huyu mtoto alikuwa na mvi, lakini kwa mama alikuwa mtoto. Alimwita Kambo, bibi, kama watu wa hapa wanavyowaita wazee, na mama alilipenda neno hilo. Nilikuwa nawasikia wanacheka, nami nikitoka nje wanapunguza sauti, na hilo nalo nililiweka kwenye hesabu zangu dhidi yake.

Siku moja nikamsikia anauliza, "Kambo, nikukamate foto?"

"Kamata," mama akasema. "Minyi nilisha kuzeeka, itanipunguza nini?" Tena akaweka karanga kando, akaanza kutengeneza mtandio.

Nilitoka mbio. Nikasema hapana. Nikasema kwetu wanawake hawakamatwi foto, na kama anataka kumtuma mama yangu Ulaya peke yake, atafute mama wa kwake. Mama alinitazama, halafu akatazama ndani, shuka langu jeupe, ambapo mwanamke mmoja alikuwa amekaa ananingoja. Alirudisha karanga mapajani.

Artiste aliuliza tena mara mbili katika miaka iliyofuata, kila mara mbele yangu, na mara zote mbili alimuuliza mama, na mara zote mbili nilijibu mimi. Niliona amekwisha kuandika msalaba wake kwenye daftari. Lakini sikuamini. Mlango wake unatazama mlango wetu, mama anakaa pale toka asubuhi, na yeye kazi yake ni kungoja watu wasahau. Nilijiambia, huyu amekwisha kumpiga. Anazo. Niliwaambia na wateja, nilimwambia na imamu. Nilihamisha kigoda cha mama kikae nyuma ya mlango, kwenye giza, na mama akalalamika kwamba karanga hazioni.

Foto za mama nilizipiga mimi mara moja tu, kwa dosye ya safari ya Maka. Hiyo ilikuwa halali, karatasi zilidai. Alifumba macho mara tano. Mara ya sita akafumbua, tukapata nne nzuri, zikaenda na dosye. Zile tano nilizichoma kwenye babula mbele yake, kama mteja yeyote, nikayavuruga majivu, nikafuta mashini, hata ile ya sita, kwa kuwa ndivyo ninavyofanya. Mama alikuwa anacheka, anasema mbona unanichoma kama mahindi. Safari haikutokea. Dosye ilipotea njiani, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mwingine.

Mama alifariki asubuhi, na alasiri alikuwa amekwisha kuzikwa, kama inavyotupasa. Artiste alikuja. Alibeba jeneza pamoja na majirani mpaka mwisho. Nilikuwa nalia, na katikati ya kilio nilikuwa natazama bega lake kama mfuko upo. Haukuwepo.

Baada ya arobaini nilianza kutafuta. Foto ya kadi yake ya zamani ya kitambulisho ilikuwa imefutika, kumebaki mtandio na ndani ya mtandio weupe. Nilipindua makabati, nikawaandikia ndugu zetu walioko mji wa Kasongo. Hakuna. Mimi niliyepiga mji mzima sina mama yangu. Kilichonitisha ni kwamba uso wake ulikuwa umeanza kunitoka. Nakumbuka sauti, nakumbuka vidole, lakini pua yake ilianza kuchanganyika na pua za wateja. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolia msibani.

Ndipo nikavuka barabara. Kwa miaka yote ile ndiye alikuwa anavuka, siku hiyo nilivuka mimi, asubuhi, bila kufungua duka.

Nilimkuta anafagia. Sikusalimu vizuri. Nikasema, "Artiste, unipe foto ya mama."

Aliweka ufagio. "Siko na foto ya Kambo."

"Usiniogope. Sikuje kugombana. Najua ulimukamata bila kuniambia. Nilisha kukusamehe. Unipe tu."

Aliingia ndani, akatoa masanduku matatu, akaniwekea kiti penye mwanga, akaniambia niangalie mwenyewe. Niliangalia mpaka adhuhuri ikanipita. Watu wa gare, watu wa soko, wamelala, wamechoka, wamesahau. Katika sanduku la pili kulikuwa na foto mbaya, alizopewa na studio nyingine kwa ridhaa ya wenyewe, nyuma kila moja ina jina. Macho yote yamefungwa. Niliwajua wengi. Hakuna aliyefanana na marehemu hata mmoja. Walikuwa kama watu wanaosikiliza kitu ndani. Nilipekua haraka zaidi, jina kwa jina, nikifika mwisho naanza upya.

Katika sanduku la tatu nilipata mlango wa duka langu. Babula ipo, ungo wa karanga upo, kigoda kipo, kandambili za mama zipo chini yake. Mama hayupo.

"Hii?" nikauliza.

"Hii siku Kambo alikuwa pale. Nilingojea aingie kuswali, njo nikakamata."

"Ulingojea ainuke."

"Ndiyo, njo."

"Ulikuwa na mashini mukononi, na yeye eko mbele yako, na minyi niko ndani, sioni."

"Njo vile, Mama Studio."

Nilisimama. Miaka yote ile nilimwita mwizi, na sasa nilimkasirikia kwa kuwa hakuwa. Nikamuuliza, "Juu ya nini haukuiba?"

Alinijibu bila ubaya wowote.

"Kambo alisema ndiyo. Weye njo ulisema hapana. Minyi nilikusikia weye."

Alitaka kunipa ile foto ya kigoda. Sikuichukua. Nilirudi dukani, na mteja wa kwanza alipofumba macho, nilishika karatasi yake juu ya makaa bila kuiachia, mpaka mwenyewe akaanza kuniuliza nina nini.

Bado tunaonana kila siku. Akipita namwita, namuuliza tena, taratibu, kama anayeulizia bei: kweli hauna hata moja, hata ya pembeni, hata mgongo? Anasema hapana, Mama. Namtazama machoni vizuri, mimi ninayeyajua macho ya watu, natafuta alama yoyote kwamba ananidanganya. Mpaka leo sijaiona, na kesho nitamuuliza tena.